Shimizi ya Nyumba Yetu

Ukilala chali mchana kwenye kitanda cha baba, ulikuwa unaona nyota. Nilipokuwa mdogo nilikuwaga naviita hivyo vile vitundu vya misumari vilivyopitisha jua kwenye bati. Baba aliyanunua mabati yale yakiwa yameshatumika, yameng'olewa kwenye ghala la mtu, na kila bati lilikuja na matundu ya nyumba yake ya kwanza. Sie tukaongeza ya kwetu. Kiangazi zilikuwa nyota. Masika yakifika kila nyota ilikuwa na tone lake.

Kabla ya mvua baba alikuwa anachemsha lami kwenye kopo la maziwa, anapanda juu na kijiti kilichofungwa tambara, anaziba. Mie na mama tunasikia hatua zake. Nyumba yetu iko Kiwalani na ndege zinapita chini sana, mpaka vyombo vinatetema kabatini, kwa hiyo ikija ndege anatulia, anashika bati la juu kabisa la kipaa, anasubiri ipite ndipo hatua zinaanza tena. Akishuka mikono imekuwa myeusi na mama anamwagia mafuta ya taa anawe. Lami ile ilistahimili mvua za kwanza. Likija jua inapasuka, na mwaka unaofuata kopo linawekwa tena jikoni.

Mwaka ninaouandika hapa hakupanda. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi tangu sijazaliwa kilifungwa. Waliambiwa wasubiri, anatafutwa mwenye mali mpya. Baba alisubiri akiwa amekaa barazani na shati la kazini, kisha akasubiri akiwa amelala. Kifua alikuwa nacho siku nyingi, lile vumbi la pamba, ila alikuwa hana nafasi ya kukisikiliza. Sasa kikapata nafasi. Akitoka chumbani kwenda uani anapumzika mara mbili njiani, anajifanya anaangalia kuku.

Daktari alimwambia asilale pahala penye unyevu. Mama alirudi na neno hilo kutoka hospitali, akakaa kitandani, akaangalia juu. Sote tukaangalia juu. Chumba kile tulishasogeza kitanda kila upande, matone yanakifuata. Mwisho kitanda kilirudi pale pale kilipokuwa, na beseni la bluu likawekwa upande wa kichwani kwake. Mvua ya usiku mmoja, ya nje ya msimu, ililijaza na godoro likalowa pembeni.

"Mie sitaki makubwa," baba alisema asubuhi ile. Alikuwa anasema kidogo, anavuta pumzi, anaendelea. "Nataka nilale mvua inanyesha, niisikie huko huko juu. Tone lisinifikie. Basi."

Mie nilikuwa mlangoni na sare ya shule. Mie si msemaji, hata darasani mwalimu akiniuliza swali ninalolijua naangalia dawati. Lakini nililishika lile neno lake, basi.

Siku hizo maduka ya barabarani yalikuwa yamejaa kila kitu ambacho tulipokuwa wadogo tulikuwa tunakisikia tu. Sabuni za kunukia, redio, friji, na mabati mapya yamesimamishwa nje yanang'aa mpaka unafumba jicho. Hatukuyasogelea. Ila vitu hivyo vilikuja na makaratasi yake, na ndiko baba alikopatia wazo. Marobota ya mitumba yalikuwa yanakuja yamezungushiwa nailoni nzito, na wenye mitumba wa Tandika wakishalifungua robota nailoni inawasumbua tu, ukiiomba wanakupa. Baba alikumbuka kwamba kiwandani marobota ya vitambaa yalikuwa yanalala nje kwenye mvua, yamefungwa nailoni, na asubuhi kitambaa kikavu.

"Tutaifunga nyumba kama robota," akamwambia mama. "Mabati yashushwe. Nailoni itandikwe juu ya zile mbao za kenchi, papi nyembamba zipigiliwe juu yake, mabati yarudi. Maji yakipita kwenye tundu yanaikuta nailoni, yanateremka mpaka nje ya ukuta."

"Na hayo mapande madogo madogo?" mama akauliza. "Kila kipande saizi yake."

"Wewe unaziba karanga kwa kitu gani?"

Mama alikuwa anauza karanga kwenye vipakti, na vipakti anaviziba kwa mshumaa na kipande cha msumeno wa chuma. Unakunja midomo ya nailoni, unaibana na ule msumeno, unapitisha moto haraka pembeni, inashikana. Alimtazama baba, akaanza kucheka. "Paa zima, baba'ke?"

Tulifanya paa zima. Kila nikirudi shule naikuta nailoni imetandazwa uani, imewekewa mawe isiruke, inanuka mitumba, ile harufu ya nguo za watu tusiowajua. Mama anabana, mie napitisha mshumaa. Ukiuweka moto karibu nailoni inatoboka, ukiuweka mbali haishiki. Vidole vyangu vilijaa malengelenge na hesabu za shule sikuzifanya, na nasema kweli sijawahi kuwa na siku nzuri kama zile. Tulikuwa hatuongei. Baba alikuwa kwenye kiti pembeni, amejifunika shuka jua linawaka, anasema, "Hapo, rudieni hapo."

Tulipomaliza upande wa chumba chake akataka kupima. Mie nikalala chini kwenye mkeka, wao wakashika nailoni juu yangu, baba akamwaga kikombe cha maji mahali palipoungwa.

"Umelowa?"

Nikatikisa kichwa. Niliyaona maji yanatembea juu ya uso wangu, na uso wa baba nyuma ya maji.

"Nyanyuka," akasema. "Zamu yangu."

"Baba'ke, acha mambo ya kitoto," mama akasema, lakini akamshika mkono akamlaza pale pale kwenye mkeka. Tukashika ncha mie na mama. Mama akamwaga kikombe kizima, halafu cha pili.

"Tone?" akauliza mama.

"Hamna," baba akajibu chini ya nailoni. Hakuamka upesi. Alikaa pale macho yamefumbwa, maji yanateremka juu yake, anatabasamu.

Hapo ndipo alipotukuta mtani wake. Mtani alikuwa fundi seremala, nyumba ya pili kutoka kwetu, na ndiye aliyeahidi kuezeka. Yeye Mnyamwezi, baba Mzaramo, basi ni watani tangu babu zao, na wale wawili sijawahi kuwasikia wakisalimiana kama watu wengine.

"Makubwa!" akapiga makofi. "Mzaramo ameshajivika sanda mwenyewe, hata hajafa! Ana haraka ya nini?"

"Sanda ya babu yako," baba akasema kutoka chini. "Hii ya nyumba."

"Ya nyumba? Inakaa chini ya bati?" Akaizunguka, akaishika. "Shemeji, nyie watu wa pwani mna mambo. Yaani nyumba inavaa shimizi! Bati ndio gauni, na ndani shimizi. Kiwalani nzima hii hakuna nyumba iliyovaa shimizi, zote uchi!"

"Nyie mlikuja pwani mmebeba mizigo kichwani," baba akasema, "nguo za ndani mtazijulia wapi?"

Walicheka. Baba alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, mama akamwinua kumpiga mgongoni. Mtani akangoja kikohozi kipungue ndipo akasema, taratibu zaidi, "Kohoa vizuri, Mzaramo. Ukifa shimizi hii naichukua mie." Halafu akaniona nimesimama na ncha yangu. "Na wewe Bubu, bado hujapata sauti? Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo," nikasema, nafikiri. Hakuisikia.

Kuezeka kulipangwa Jumamosi. Siku za kazi mtani alikuwa na shughuli Mwenge, anawatengenezea watu vibanda. Sie tuliikunja nailoni, tukaiweka sebuleni nyuma ya mlango. Masika yalikuwa hayajafika, ndivyo kila mtu alivyosema. Mvua ikaja Jumatano jioni.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa nafunga viatu vya shule. Bado inanyesha. Nilisikia tone likipiga beseni kule chumbani, na kikohozi cha baba sikukisikia, nikafikiri amepata usingizi, nikafurahi. Mama akatoka chumbani. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akaniambia, "Vua viatu, mwanangu. Kamwite shangazi yako."

Niliporudi na shangazi, dada yake baba, beseni lilikuwa bado pale kichwani. Hakuna aliyeliondoa. Shuka lilikuwa limelowa begani.

Kwetu anayekufa asubuhi anazikwa siku ile ile, kwa hiyo watu walijaa kabla ya saa nne. Wanawake ndani kwenye majamvi, wanaume nje. Turubai la mtaa lilikuwa kwenye msiba mwingine na mvua haikuwa na habari. Wazee walisimama wamejibana kwenye ukuta chini ya upenu, kofia zao zimelowa.

Nilikuwa nimekaa karibu na mama, ameegemea ukuta, amefunikwa kanga. Ghafla nje tukasikia kikohozi. Cha baba. Kile kile, kirefu, kinachoishia na mluzi. Mama akainua kichwa. Sitaisahau shingo yake ilivyonyooka. Nikaenda dirishani.

Alikuwa mtani. Amevaa shati la baba lenye madoa ya lami, sijui alilitoa kwenye kamba gani, na mkononi ana lile kopo na kijiti. Anakohoa, anatembea hatua tatu, anapumzika, anajifanya anaangalia kuku. Watu walikuwa wanacheka huku wanajifuta macho. Ndiyo kazi ya mtani msibani, nimeona misiba mingine na nilicheka. Siku ile nilitamani aanguke kwenye tope.

"Mzaramo mjanja huyu!" alikuwa anapaza sauti. "Kaona mvua inakuja, badala ya kupanda juu kuziba kaamua kufa! Nani ataziba sasa? Mimi? Mimi mpagazi wake?" Akaingia sebuleni bila hodi, akaiona nailoni nyuma ya mlango. "Shimizi yangu! Nilimwambia. Nilimwambia akifa naichukua!"

Akaitoa. Mtani akichukua kitu msibani hazuiwi. Vijana wakamsaidia, wakatoboa pembeni wakapitisha kamba, upande mmoja wakafunga kwenye nguzo za upenu, upande wa pili kwenye mpera. Wazee wakaingia chini, wakakaa. Nailoni ya paa letu ikawakinga watu waliokuja kumzika baba, na hawakulowa hata kidogo. Niliona mistari yetu ya mshumaa, mie na mama, imepita juu ya kofia zao.

Lakini waliifunga imelegea, na maji yakajikusanya katikati yakafanya tumbo. Tumbo likakua, likashuka mpaka karibu na kichwa cha sheikh. Mtu akasema litapasuka. Mtani akachomoa kisu, akatia ndoo chini. "Shimizi imeshika mimba!" akasema, akalichana. Maji yakamwagika kwenye ndoo na juu yake mwenyewe, juu ya shati la baba. Watu wakacheka tena. Alichana pale pale palipoungwa, kwenye kile kipande baba alicholala chini yake.

Walimzika kabla ya alasiri. Mie sikwenda, wanawake hatuendi.

Mama akaanza eda. Shangazi alihamia kwetu kumsimamia, na alikuwa mkali. Mama asitoke, asionekane na wanaume, asizungumze nao hata dirishani. Alivaa nguo nyeupe, akakaa chumbani kwao, na mvua ziliendelea. Beseni linajaa, mie nalimwaga, linajaa. Alilala upande wa baba, chini ya tone. Nilimwambia mama hamia kwangu, kule kunavuja kidogo. Akasema, "Amelilalia yeye na kifua chake. Mie mzima nitalikimbia?"

Baada ya hitma mtani akabisha hodi. Nilikwenda mlangoni. Amebeba nailoni, imeoshwa, imekunjwa vizuri kama shuka la mgeni. Nilimngoja aniite Bubu. Hakuniita kitu.

"Mwambie mama nakuja kuezeka," akasema akiangalia chini. "Kesho kutwa. Mwambie lile tundu nitaliwekea kiraka."

Mama aliposikia akasema kiraka tutaweka wenyewe. Tulifunga mlango wa chumba, tukawasha mshumaa. Mama akabana, mie nikapitisha moto, tukarudia, tukarudia, mpaka kipande kikashika juu ya ule mchano. Kovu lake nene, halikukaa vizuri. Mama akasema, "Lala chini." Nikalala. Akamwaga kikombe.

"Umelowa?"

"Hapana."

Hakuomba zamu yake.

Siku ya kuezeka ilikuwa kavu. Mtani alikuja na vijana wake wawili. Mama akahamishiwa chumbani kwangu wakati wanafungua upande wa chumba chao, maana mwanamke wa eda hawezi kukaa chini ya anga wanaume wakiwa juu. Shangazi akaweka kiti mlangoni, akakaa kama askari. Mabati yakashuka moja moja, lami ya baba imegandia kila tundu. Wale vijana walikuwa wanasemezana. Mtani kimya. Nyundo tu.

Mama alikuwa amekaa kitandani kwangu, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza. Mara akanishika mkono.

"Wanaivuta."

Sikuelewa.

"Nailoni. Sikia inavyolia. Wanaikaza kama ngoma. Baba'ko alisema ilegee kidogo kati ya kenchi na kenchi, maji yapate njia. Wakipigilia papi hivyo itachanika. Nenda kawaambie."

"Shangazi aende."

"Shangazi yako anajua nini habari ya nailoni? Nenda."

Nikatoka uani. Nikasimama chini nikaangalia juu, jua linanipiga. "Samahani," nikasema. Nyundo ikaendelea. "Mama anasema ilegee." Ndege ikapita, ikachukua hata kidogo nilichosema. Nikarudi ndani nikamwambia mama hawasikii. Akaniangalia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikaza sauti, ya chini, shangazi asisikie.

"Mie siruhusiwi kupaza sauti. Wewe hujakatazwa na mtu. Ikiharibika hii hatutapata nyingine, na mie siwezi kulala tena na lile beseni. Siwezi, mwanangu."

Nikatoka tena. Sijui niliitoa wapi. "ILEGEZENI!" Hata kuku walikimbia. "Mama anasema ilegezeni! Isikazwe! Na itokeze nje ya ukuta, maji yasirudi ndani!"

Nyundo zikanyamaza. Vijana wakachungulia. Mtani akainuka kwenye kenchi, akaniangalia.

"Sawa," akasema. "Tumesikia." Akawaambia vijana wafungue, wakaanza upya, nikaiona nailoni inashuka taratibu kati ya mbao, inalegea. Basi. Hakutania. Hata nilivyopayuka vile hakunitania.

Niliporudi ndani mama aliniuliza, "Kasema nini?"

"Kasema sawa."

"Sawa tu?" Akafikiri. "Tangu asubuhi sijamsikia. Kwa nini amenyamaza? Amekuja kuezeka au amekuja kuzika mara ya pili?" Halafu akanivuta karibu, akaninong'oneza maneno. Nikamwambia siwezi, yule ni mkubwa wangu. Akasema si wewe unayesema, ni mie, na mie ni mke wa mtani wake.

Nikatoka mara ya tatu. Shangazi akasema, "Wee, mbona unaingia na kutoka kama jogoo?" Nikampita.

"Mama anasema," nikapaza sauti, "Mnyamwezi gani huyu anafanya kazi kimya? Mzigo wa bati moja umeshakuelemea? Wenzio walibeba pembe za ndovu!"

Shangazi akapiga yowe, "Astaghafirullah!" Vijana wakaangua kicheko mpaka mmoja akadondosha msumari. Mtani akafungua mdomo kujibu. Nilimwona anatafuta. Alitazama chumbani kupitia kwenye kenchi, pale kitanda cha baba kilipo, wazi, jua limekijaa. Kisha akakaa juu ya ubao, akaweka mkono usoni, mabega yakaanza kutikisika, na hakikuwa kicheko. Vijana wakanyamaza. Alilia pale juu, mtaa mzima unamwona. Alikuwa amevaa lile shati la baba. Hakulirudisha, na hakuna aliyemdai.

Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa shati. "Mwambie shemeji," akasema, sauti imekwaruza, "mtani wangu alikuwa anajibu. Sasa nikitania nani atanijibu?"

Nikaingia nikamwambia mama. Aligeukia ukutani.

Jioni mabati yote yalikuwa yamerudi, matundu yake yale yale. Nililala chali kwenye kitanda cha baba kuangalia nyota, hazikuonekana. Kulikuwa na mwanga hafifu wa maziwa, na pale palipo na kiraka, kivuli.

Mvua ilikuja siku chache baadaye, mchana, niko nyumbani Jumapili. Ilianza na upepo, halafu ikamwagika yote. Mama alikuwa ameshaliweka beseni kichwani, mkono wake ulilichukua wenyewe. Tukakaa mie na yeye kwenye ukingo wa kitanda tunaangalia juu. Bati linapiga kelele mpaka husikii mtu. Tuliona maji yanaingia kwenye matundu, yanagusa nailoni, yanateremka kama yale ya kikombe, yanapita kwenye kovu la kiraka, yanaendelea mpaka ukutani na kutoka nje. Beseni kavu.

Nilifikiri atafurahi. Mama alipanda kitandani upande wa baba, akalala chali, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, machozi yanaingia masikioni mwake hayafuti. Halafu midomo yake ikasema, sikuisikia kwa kelele za bati, niliiona tu: "Hamna."

Nje shangazi alikuwa anaita. Maji yanaporomoka ukingoni mwa paa, yanapotea bure. "Leteni beseni tukinge!"

Mama hakufungua macho. Alinyoosha mkono, akalisukuma beseni kwangu. Nikalichukua nikatoka nalo, nikaliweka chini ya upenu. Lilijaa upesi.